Mzee Amri wa Sahani na Amana ya Ernesta

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ulipoomba maji ya kunywa, na kabla Mama hajafika na kikombe ukawa umekwenda. Tunakuandikia sisi wa nyumbani kwako Ngara, na wanaosoma wasikie, kwa sababu safari hii hatukukumbuki tu. Tunaomba msaada.

Kwanza tuseme ulivyokuwa. Ulikuwa mpole. Ukirudi sokoni ulivua viatu nje, ukanawa mikono, ukazitazama sahani zako ukutani, ndipo ukatusalimia sisi. Mama alikutania, "Ungezioa hizo, mimi ungeniacha kwetu Pangani." Ukamjibu, "Wewe ukianguka huvunjiki, Semeni. Hizi nani atazidaka?"

Huko pwani bibi zetu walipamba kuta kwa sahani, lakini zako zilikuwa za Italia, na watu wakakuita Amri wa Sahani. Ulijifunza kuzijua ujanani kwa fundi wa Kitaliano aliyekuja Biharamulo kujenga kanisa, wewe ukimchanganyia saruji. Alipoondoka alikuachia bakuli lake la supu. Hilo ndilo la kwanza. Baadaye ulipata moja moja, kwa mapadri waliohama, kwa wapishi wao, kwa mama mmoja wa Nemba aliyekuwa akinyweshea kuku katika bakuli la zamani sana. Lile kopo refu la dawa, lenye maandishi ya Kitaliano ubavuni, Mama alilitia chumvi. Hukugomba. Ulingoja tu mpaka chumvi ikaisha.

Tulipenda kukutazama ukipima. Ulikunja kidole ukagonga ukingoni, sikio karibu. Nzima ilitoa mlio kama kengele ndogo. Yenye ufa ilikohoa. Kisha ulipitisha kidole gumba chini, pale pasipopakwa rangi, uuone udongo wenyewe. Mwisho ulitafuta alama ya mfinyanzi. "Usoni zote nzuri," ulisema. "Igeuze, uone nani aliifinyanga." Maneno hayo tuliyasikia miaka yote, Baba.

Watu wa Rwanda walipovuka kwa maelfu, ulihamishia meza yako ya biashara Benaco, karibu na kambi ya wakimbizi. Watu waliuza kila walichobeba. Jioni moja ulikuja na kitu kimefungwa kwenye kitenge. Ulitusimulia: mama mjane, jina lake Ernesta, alitaka kubadilisha sahani kubwa ya njano, yenye malimau, kwa debe la mahindi. Mumewe aliwapikia masista wa Kitaliano, nao walimpa walipofunga nyumba yao. Ungeweza kuichukua. Badala yake ulimwambia, "Dada, hii ni ya zamani kuliko babu zetu. Kwa debe la mahindi nitakuwa nimekuibia, na bei yake halisi sina." Ulimpa mahindi, na sahani akakuachia kama amana mpaka siku ya kurudi kwao.

Uliitundika katikati ya ukuta, ukasema mbele yetu sote, "Hii si yetu. Ni ya Ernesta. Mwenyewe ataijua." Hatukuwahi kumwona huyo mama, nawe hukutuambia zaidi. Ulidhani una muda.

Siku ya arobaini yako watu walijaa. Sahani zetu zote ziliteremshwa, na jirani yetu Deodata akaleta zake kutoka Murukulazo. Shangazi Shamimu alifanya kama wanavyofanya wanawake kwenye kila shughuli, alitia alama ya nyumba nyuma ya kila sahani, ili zisichanganyike wakati wa kuosha. Alitumia rangi nyekundu iliyobaki ya mlango wa duka letu. Ya Ernesta nayo ilishuka, ikapakuliwa pilau, ikarudi ukutani salama. Tulishukuru kwamba haikuvunjika.

Mwezi huu kambi zimefungwa, Baba, na watu wanarudi kwao. Barabara ya kwenda daraja la Rusumo, mpakani, ilijaa watu, magodoro vichwani, watoto mgongoni. Mwanao Idi alisema, "Akivuka huyu mama hatumpati tena, na amana itabaki shingoni mwa Baba." Tukaenda barabarani. Unajua mimi Yasmini nilivyo, hata sukari nilipima bila kumtazama mteja usoni. Nilisimama kando ya barabara, nimeinua sahani juu ya kichwa, na Idi akaita, "Ernesta! Sahani ya Ernesta!"

Wakaja wengi.

"Ernesta ni mimi!"

"Wewe? Asubuhi si uliitwa Tecla?" mwenzake akadakia.

"Tecla ndiyo, la ubatizo ni Ernesta. Una swali jingine?"

Watu walicheka, hata katika taabu ile. Idi akawauliza kila mmoja, "Kama ni yako, ina alama gani?" Wakataja malimau, na malimau kila mtu aliyaona. Ndipo akafika mama mwembamba, mtoto amelala mgongoni. Hakuishika. Alisema polepole, "Igeuze, mwanangu. Nyuma kuna samaki mdogo wa bluu. Mzee alinionyesha mwenyewe."

Niliigeuza. Palikuwa na baka jekundu tu.

"Hakuna samaki hapa, mama," Idi alisema.

Aliinama akatazama. Akagusa ile rangi kwa kidole. "Yangu haikuwa na wekundu," alisema. "Mzee alikuwa nazo nyingi. Labda yangu ilivunjika." Nyuma yake walikuwa wakimsukuma, "Tembea, mama, tembea!" Akatuambia, "Msalimieni." Hakujua umekufa, Baba. Hatukuwahi kumwambia. Akamezwa na watu.

Tulirudi nyumbani na sahani. Mama alipoambiwa alisimama. "Shamimu, nyuma ya ile ya njano uliona nini?"

"Kidoa cha bluu, wifi. Nilidhani ni uchafu usiotoka. Nikapaka juu yake."

Mama alichukua petroli na kitambaa. Wekundu ulitoka kidogo kidogo, na samaki akatokea, mdogo kama ukucha. Shangazi alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata kwenye maziko yako.

Idi alipanda baiskeli akaenda mpaka darajani, akiita jina njia nzima. Akinamama wengi waliitika. Yeye hakuwamo. Sasa barabara iko kimya, yamebaki majivu ya mafiga na viatu vya mguu mmoja.

Baba, hatujui tukuambie nini. Ulimwogopa Mungu kwa kitu kimoja, mali ya mtu, nasi tumemnyima mwenyewe kwa sababu ya rangi ya mlango. Mama halali vizuri. Shangazi hatii tena alama kwenye sahani ya mtu. Mwenye duka mmoja alikuja kuitaka, Idi akamwonyesha njia ya kutokea.

Yeyote anayevuka kwenda Rwanda, akimkuta mama mwembamba aitwaye Ernesta, mjane wa mpishi wa masista, amwambie haikuvunjika. Amwambie samaki yupo. Mzee amefariki, lakini nyumba ni ile ile.

Na wewe, Baba, sahani yake tumeitundika tena mahali pake. Lakini malimau tumeyaelekeza ukutani. Nyuma yake ndiyo inayotazama mlango, ili siku akisimama kizingitini amwone samaki kabla hatujamuuliza neno.

Tunaokuombea rehema na kungoja kwa niaba yako: mkeo Semeni, wanao Idi, Yasmini na Taufiki, dada yako Shamimu, na jirani yako Deodata wa Murukulazo.

Kila mlango ukibishwa tunakukumbuka, Baba, na tutakukumbuka daima.