Wanamsubiri Kivuli

Jumatatu, 12 Januari

Mama kafuata mzigo. Nipo dukani peke yangu na ndoo za plastiki. Nimesoma habari zote za kamera kabla wateja hawajaanza kuingia. Kuna kamera mpya imetangazwa, ikipiga haitoi mlio kabisa. Kwenye grupu la wapiga picha wamepagawa. Mimi nikaandika onyo: ukiipeleka kwenye kumbi zetu, zile taa za rangi zitamchora bibi harusi michirizi usoni. Punguza kasi ya shata, picha ichukue muda zaidi, au rudi kwenye kamera yenye mlio.

"Asante kaka." "Kivuli, kaka mkubwa, wewe ni fundi."

Sijawahi kusema mimi ni kaka. Nilijiita Kivuli kwa sababu sipendi kuonekana. Basi.

Jumatano, 14 Januari

Rama, mwenye grupu, kaniandikia pembeni. Ana harusi Jumamosi ya wiki ijayo na mpiga picha wake wa pili kasafiri. Anamtaka Kivuli. Ila kwanza nikutane naye na wenzake wa grupu Jumamosi hii, soko la mitumba la Mchikichini, anione nikifanya kazi.

Nimejibu: nitakuja.

Tangu nimalize Form Four sijawahi kutaka kitu kwa nguvu kama hiki. Mama anataka nisomee uuguzi. Sijamwambia.

Jumamosi, 17 Januari

Hasira.

Wanaume tupu. Nimewasalimia, sauti haikutoka. Kamera aliyoniachia Mjomba ilikuwa shingoni kwangu, wanaiona. Mmoja, Chidi, mwenye kizibao cha mifuko kila mahali, akaniuliza, "Mdogo wangu, umemletea nani kamera?"

"Ni yangu."

Wakacheka. "Haya, bosi." Chidi akanipa begi lake nimshikie. Nikashika! Nikashika kweli, kama mjinga.

Halafu akaanza kunifundisha. Taa za ukumbini. Michirizi. Kasi ya shata. Maneno yangu ya Jumatatu, hadi yule bibi harusi wa mfano wangu kamchukua. "Haya mambo muulize Kivuli. Jamaa noma. Akija, wewe sikiliza tu, usimsumbue na maswali."

Rama akatazama saa. "Huyu Kivuli ana dharau." Wote wakageukia barabarani kumtazamia. Mimi nyuma yao, na begi la mtu.

Kivuli ni mimi. Maneno matatu.

Nikaliweka begi juu ya rundo la viatu vya mitumba. Nikapiga picha moja. Nikaondoka. Hakuna aliyegeuka.

Jumapili, 18 Januari

Sikusikia mahubiri hata kidogo. Rama kaandika kwenye grupu: Kivuli katuangusha, si mwanaume wa kutegemewa. Chidi chini yake: "Hiyo harusi nipe mimi, bro."

Si mwanaume. Hapo umepatia.

Nawachukia. Najichukia na mimi, kwa lile begi. Mama kaniuliza masufuria yamenikosea nini.

Baada ya kuosha vyombo nikaituma picha. Migongo tupu, shingo zimerefuka kama watu wanaosubiri Mwenge wa Uhuru upite. Begi la Chidi mbele, juu ya viatu. Jua limepenya kwenye tundu la turubai na kutua kwenye kisogo cha Rama. Picha nzuri. Nasema mwenyewe: ni nzuri.

Nikaandika chini yake: "Mlipokuwa mnamsubiri Kivuli. Alikuwa nyuma yenu, kashika begi. Naitwa Aika."

Nikazima simu.

Jumatatu, 19 Januari

Nimewasha simu Mama akiwa anakunywa chai. Wengine wamecheka. Wengine wamenitukana. Mmoja anataka nitolewe kwenye grupu. Chidi katoka mwenyewe.

Rama, pembeni: "Dada Aika, samahani sana. Kisogo changu hakijawahi kupendeza hivi. Harusi bado ipo, kama utakubali."

Hasira haijaisha. Nimemjibu, "Nitakuja. Begi lako utalibeba mwenyewe."

Kisha nikamwambia Mama yote. Akaanza kupanga ndoo, kubwa chini, ndogo juu.

"Utavaa nini?" akauliza.

Nimesema sijui. Betri ya kamera iko kwenye chaji, nyuma ya mabeseni. Taa yake bado nyekundu.