Raudha Haendi Chunyu

UMOJA WA FAMILIA ZENYE WATOTO WA SELIMUNDU, MBEKENYERA
Kikao cha Kamati, Jumamosi 11 Oktoba 2025, ghala la zamani la ushirika

WALIOHUDHURIA
Mzee Harithi – Mwenyekiti (babu wa mtoto Sabaha)
Tabitha – Katibu
Raudha – Mjumbe (mama wa Sabaha)
Faudhia, Silvanus – Wajumbe
Kipriani – Mgeni, mtaalamu wa maabara kutoka Nachingwea

ASIYEHUDHURIA
Faridi – Mjumbe (baba wa Sabaha, mtoto wa Mwenyekiti). Bila taarifa, ingawa pikipiki yake ilikuwa nje.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:10 asubuhi, akaomba watu waseme kwa kifupi. Yeye alisema kwa kirefu.

KUMB. NA. 2/2025: OMBI LA MWENYEKITI
Mwenyekiti alieleza kwamba Sabaha ameumwa tena viungo wiki hii, na kwamba selimundu haijawahi kuonekana katika ukoo wake yeye Mwenyekiti. Kwa kuwa kwa mila mtoto ni wa ukoo wa mama, aliomba kamati iafiki mkwewe Raudha arudishwe kwao Chunyu na mtoto, "wakautafute ugonjwa ulikotoka."

Raudha alijibu kwamba haendi. "Baba, Sabaha akiugua ni wa kwetu. Korosho zikidondoka ni mjukuu wako, aje aokote. Chagua moja."

Mwenyekiti alimtaka aheshimu kiti. Raudha alisema kiti anakiheshimu, anayezungumza naye ni aliyekikalia.

KUMB. NA. 3/2025: MAELEZO YA MTAALAMU
Ndugu Kipriani alieleza kwamba kila seli inayotengeneza damu ina maagizo ya kuunda protini. Seli haitoi maagizo yenyewe nje ya hazina yake. Hunakili sehemu inayohitajika na kupeleka nakala kwenye karakana yake. Huko nakala husomwa herufi tatu tatu, na kila tatu huita kipande kimoja. Vipande huungwa kuwa mnyororo, mnyororo hujikunja, protini imepatikana. Katika selimundu herufi moja imebadilika, kipande kimoja kikawa kingine, na chembe ya damu hupinda kama mundu.

Bi Faudhia aliuliza kama ni sawa na fundi cherehani aliyepewa vipimo vibaya, naye akashona hivyo hivyo. Mtaalamu alikubali: seli haikukosea, imetii.

Mwenyekiti aliuliza ni nani basi aliyeleta. Mtaalamu alisema kila mtu ana maagizo mawili ya protini hiyo, na vipimo vya Sabaha vinaonyesha yote mawili yamebadilika, moja la mama, moja la baba. Mwenyekiti alisema Faridi anabeba gunia la korosho peke yake. Mtaalamu alijibu kwamba mwenye agizo moja tu lililobadilika kwa kawaida haugui, lakini hurithisha.

Mwenyekiti aliagiza maelezo hayo yasiandikwe. Katibu aliendelea kuandika.

KUMB. NA. 4/2025: MAAMUZI
Ndugu Faridi aliingia. Ilibainika kwamba alikuwa dirishani tangu mwanzo. Alisema Jumatatu anakwenda kupima damu, na Raudha akiondoka wanaondoka wote watatu.

Raudha alimwambia, "Umechelewa, lakini kaa." Kisha aliomba iandikwe kwamba haendi Chunyu kwa sababu hataki, si kwa sababu ameruhusiwa. Imeandikwa. Wajumbe wote waliafiki iwe hivyo, isipokuwa Mwenyekiti.

KUMB. NA. 5/2025: KUFUNGA
Mwenyekiti aliondoka bila kufunga kikao. Bi Faudhia alikifunga kwa dua saa 6:30 mchana.

Mwenyekiti: Hajasaini. Amesema atasaini Kumb. Na. 3 ikifutwa.

Katibu: Tabitha (saini). Haifutwi.