Mafundi Wasio na Ngazi

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Shahidi: mwangalizi wa chumba cha kamera, kazini huitwa Mama Skrini. Mwanamke, miaka 36.
Makazi: chumba cha uani, nyumbani kwa dada yake mkubwa.
Yameandikwa na sajenti wa zamu, Jumatatu tarehe 18, saa tatu na nusu asubuhi.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Ijumaa niliandikisha maelezo hapa hapa kituoni, na ndani yake kuna jambo ambalo si kweli. Nataka kulirekebisha, maana tangu siku ile sijapata usingizi wa kueleweka.

Ninafanya kazi kwenye nyumba ya tajiri mmoja, sisi tunamwita Bosi. Mlinzi wa getini mliyemweka ndani, anayesemekana aliwafungulia wezi kwa makusudi, ni shemeji yangu, mume wa dada. Ndiye aliyeniombea kazi pale miaka sita iliyopita. Wenzake wanamwita Subiri Kwanza, kwa sababu hakuna gari analolifungulia kabla ya kulizunguka na kumsalimia dereva.

Zamani kazi zilikuwa mbili mbalimbali. Walinzi walilinda ukuta na geti, watu wa kompyuta walilinda simu, barua pepe na kamera. Mwezi wa pili akaja mtaalamu, akasema adui wa tajiri siku hizi anaingia kwa mtandao na kwa miguu kwa pamoja, kwa hiyo na ulinzi uwe mmoja. Alisema kweli. Kila kitu kikaletwa chumbani kwangu. Katibu wa Bosi akituma kibali cha mgeni kwa barua pepe, namba ya gari inaingia kwenye mfumo. Gari likifika kamera inaisoma, na getini taa inawaka kijani. Mlinzi anabonyeza kitufe, basi.

Shemeji aliuliza kikaoni, "Na kama mashine imemkubali mtu, mimi nina wasiwasi naye?" Mtaalamu akacheka, akasema, "Mzee, utaita chumba cha kamera." Chumba cha kamera ni mimi. Wenzangu wawili walipunguzwa mwezi uleule, nikabaki na skrini tisa na zamu ya saa kumi na mbili.

Mwezi uliopita Bosi alikuja na wageni kwa gari la kukodi, shemeji akawasimamisha getini dakika nne, mvua inanyesha. Zikatoka barua za onyo, yake na yangu, kwa kuwa geti sasa liko chini ya chumba cha kamera. Nyumbani nikamtania, "Shemeji, utatufukuzisha kwa salamu zako." Akasema, "Mimi namba ya gari hainiambii kitu. Nataka sura." Tulicheka, ila moyoni nilikuwa nimekasirika.

Siku ya tukio, Alhamisi tarehe 14, niliingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu kasoro dakika ishirini likaja onyo kwamba barua pepe ya katibu imefunguliwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, ofisini kwake na mahali pengine mbali sana. Maonyo ya namna hiyo huja kumi, kumi na tano kwa siku, na mengi ni ya bure. Nilitakiwa kumpigia katibu simu. Nilibonyeza "baadaye".

Saa nane na dakika kumi mchana kikaingia kibali cha mafundi wa viyoyozi, kimetoka kwenye barua pepe ya katibu yuleyule. Saa nane na nusu gari lao likafika, taa ikawaka kijani. Shemeji hakufungua. Aliniita kwa redio.

"Mama Skrini, hawa mafundi siwaelewi. Hawana hata ngazi, na viatu vinang'aa."

"Hapo kwako imewaka rangi gani?"

"Kijani."

"Basi fungua."

"Subiri kwanza. Hebu niulizie kwa katibu."

Hapa niseme yote. Onyo la asubuhi lilikuwa bado liko kwenye kona ya skrini ya kushoto. Niliona neno katibu. Simu ilikuwa pale, ni kunyoosha mkono tu. La mtandaoni na la getini yote yalikuwa mbele ya mtu mmoja, kama mtaalamu alivyotaka. Lakini mgongo ulikuwa unawaka, nimechoka, na ile barua ya onyo ya mwezi uliopita bado inaniuma. Nikamwambia, "Shemeji, fungua geti. Ukitaka kumwaga unga, mwaga wako." Akasema, "Sawa, mkubwa." Akafungua.

Walikaa ndani dakika kumi na tisa. Ndani ya nyumba hakuna kamera, familia ilikataa. Mama yake Bosi, mwenye miaka sabini na nane, aliwazuia mlangoni mwa chumba cha kazi, wakamsukuma akavunjika mkono. Walitoka na kompyuta mbili za Bosi, na getini wakampungia shemeji kama mtu wao, na hapo ndipo mlipoanza kumshuku.

Redio zetu hazirekodi. Ijumaa afande aliponiuliza kama mlinzi aliniita kabla ya kufungua, nilisema hapana. Ulikuwa uongo. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa na mahabusu. Nikajitia hamnazo, nikijiambia watamwachia tu. Hawakumwachia. Nasikia alieleza kwamba aliniita, mkamwona mwongo kwa sababu yangu.

Dada yangu anaamka saa kumi na moja kila siku kupika. Anafunga chakula cha mumewe, changu ananiwekea mezani amekifunika. Hajaniuliza lolote. Jana jioni aliniambia, "Wewe shikilia kazi, mdogo wangu, angalau mmoja wetu abaki nayo." Naona aibu kuliko ninavyoweza kueleza.

Shemeji hakula njama na mtu. Siku ile aliyelinda ile nyumba ni yeye peke yake, mimi nilimzuia. Naomba aachiwe. Hilo ndilo lililonileta. Nimesomewa yote na sina neno la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya ofisa: Nimemfahamisha shahidi kwamba kutoa maelezo ya uongo ni kosa na kwamba jalada litafika kwa mkuu wa upelelezi leo. Amesema ameelewa. Baada ya kutia sahihi aliuliza kama kituo kina mlango mwingine wa kutokea, kwa kuwa dada yake amekaa mapokezi na chakula cha mahabusu. Nilimjibu kuwa mlango ni mmoja. Alitoka saa nne na dakika kumi na tano.