Mkungu wa Mzazi

Jumapili ya mavuno, jioni. Mwika. Asubuhi ukungu ulifika mpaka mlangoni, mchana manyunyu, sasa kumetulia.

Macho yamevimba, tumbo limeshiba. Naandika kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, sufuria bado ya moto pembeni yangu. Sijui nianzie wapi, basi nianzie kwake.

Wanaosoma hapa siku zote wanajua. Kwa mgeni naeleza kwa kifupi, maana kwa kirefu siwezi. Mwishoni mwa masika nilijifungua binti, hospitalini, Moshi mjini, alfajiri. Hakuweza kupumua vizuri. Nesi alimbatiza kwa maji ya kikombe, tukamwita Anasia, jina la mama mkwe wangu, kwa sababu kwetu binti wa kwanza huchukua jina la bibi yake mzaa baba. Kabla ya mchana akawa ameondoka.

Asubuhi moja. Ndiyo umri wake wote.

Asubuhi hiyo mlima ulikuwa wazi. Siku zote nilizolala pale ulikuwa umejificha, hata wenzangu wa wodini walishangaa. Nilimnyanyua kidogo dirishani nikamwambia, mama, ile ndiyo Kibo, baba yako yuko kulekule amebeba mizigo ya wageni. Theluji ilikuwa inang'aa kama bati jipya. Macho yake yalikuwa wazi. Sijui kama aliona. Mimi nasema aliona.

Tangu siku hiyo sijautazama mlima. Mtasema unaukwepaje mlima ukiwa Mwika, mlimani kwenyewe? Unakwepeka. Unafagia uwanja umeupa mgongo, unakwenda kukata majani ya ng'ombe umeinamisha kichwa, siku inapita.

Na niseme ukweli mwingine. Kanisani nimekuwa nikienda, ila midomo tu. Kuomba naomba. Kulia ndiyo usiseme. Wakifika kwenye kushukuru, nanyamaza. Neno asante lilikuwa limenikwama hapa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa habari ya mkungu.

Nilipokuwa na mimba, mama mkwe alichagua mgomba mmoja wa mshare, zile ndizi za kupika, nyuma ya jiko, ndiyo kwanza ulikuwa unatoa ua. Akaufunga kipande cha kanga kuukuu. Hapa nyumbani hakuna asiyejua maana yake: usiguswe, huu ni wa mtori wa mzazi. Huku kwetu mwanamke akijifungua anakaa ndani, anapikiwa mtori, ndizi na nyama zimepondwa mpaka laini, siku baada ya siku mpaka mwili umrudi. Anakula, ananyonyesha, analala. Niliusubiri mtori ule kuliko nilivyoisubiri harusi yangu, wala sioni aibu kusema.

Tulirudi naye amefungwa kanga. Tukamzika hapahapa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, kati ya migomba, kando ya masale, yale majani yetu ya mpakani. Watu walikuja wakasema pole, wakaenda makwao. Mtori hakuna aliyepika. Sikumlaumu mtu. Mtori ni wa mzazi, na mzazi ni mwenye mtoto, nilijiambia hivyo. Nikala ugali kama wengine. Damu haijakauka nikawa nimeshajitwika majani ya ng'ombe.

Maziwa yalikuja hata hivyo. Hayakuwa na habari kwamba hakuna wa kuyanyonya. Jioni nilikuwa nakwenda nyuma ya jiko, najikamua, nayamwagia kwenye shina la ule mgomba. Sikumwambia hata Elia, mume wangu. Nilijua hakuna aliyeniona.

Mkungu ukazidi kunenepa. Mgomba ukainama, mama mkwe akaukingia mti wenye panda usianguke. Mimi na yeye tulikuwa tumebaki na mazungumzo ya ng'ombe na kuni tu. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba amenichukia. Nimepewa mwenye jina lake, nimeshindwa kumtunza hata siku moja.

Jana akanoa panga.

"Kesho mavuno," akasema. "Huu unakwenda kanisani."

Hakunitazama. Nilitaka kumwambia, Mama, hicho ndicho nilichobakiwa nacho. Nikasema, "Sawa, Mama."

Akakata, mimi nikaupokea begani. Halafu akaukata na mgomba wenyewe, kama ilivyo desturi, kwa sababu mgomba ukishazaa kazi yake imekwisha na pale chini tayari kuna chipukizi. Nilisimama nikaangalia utomvu unavyodondoka. Hivi ndivyo Mungu alivyoupanga mgomba: mama anaondoka, mtoto anabaki. Kwangu mimi akapindua. Nilimwambia Mungu hivyohivyo, kwa sauti.

Kulikuwa na kale kandege ka kijani kenye mdomo mrefu, kanakokuja kunyonya maua ya migomba. Kakarudi pale ua lilipokuwa likining'inia. Hakuna kitu. Kakazunguka, kakazunguka, kakarudi tena palepale.

Nilikaelewa.

Basi leo. Ibada ilipokwisha, mazao yote yalitolewa nje kwa mnada: kuku, mayai, maparachichi, mahindi, maziwa kwenye madumu. Mzee wa kanisa anayenadi ni mcheshi, tunampendea hilo. Akauinua mkungu wangu kwa shida.

"Mshare huu, jamani! Ukila huu utamkumbuka mama aliyekuzaa!"

Watu wakacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mwenye duka mmoja aliyepanda kutoka mjini akataja bei nzuri. Nikasikia sauti nyuma yangu inapandisha. Mama mkwe.

"Mama Elia!" Mzee akashangaa. "Umeuleta mwenyewe, unaununua mwenyewe? Kwako ndizi zimekwisha?"

"Nadi, baba. Mdomo umepewa wa kunadi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwenye duka akapandisha. Mama mkwe akapandisha. Ilipozidi uwezo wake, Mama Upendo wa umoja wa wanawake akaingia, na nikaona akina mama wanafungua mafundo ya kanga, mmoja mmoja. Nikajua hili lilikuwa limepangwa. Mwenye duka akainua mikono, "Mama zangu, nimesalimu amri."

"Haya, mkungu ni wa nani sasa?" mzee akauliza.

"Wa mzazi," akasema mama mkwe.

"Mzazi yupi, Mama?"

"Una macho, baba. Mzazi wangu si huyu hapa?"

Na kidole chake kilikuwa kwangu.

Wakaubeba mpaka nyumbani kwa kupokezana. Wakamenya ndizi hapahapa jikoni, mikono ikawa myeusi kwa utomvu, wengine nyama, mwingine kuni, kelele tupu. Mimi nikakalishwa kitandani, nikafunikwa, nikakatazwa kushika hata kisu. Mama mkwe akaniletea bakuli la kwanza kwa mikono miwili.

Nikasema siwezi.

Akainama karibu, asisikie mwingine. "Jioni zote zile ulikuwa unaunywesha wewe. Leo uache ukunyweshe."

Kumbe aliniona.

Nikanywa. Nilikunywa na machozi humohumo.

Halafu wakaanza kuingia chumbani, kama wanavyoingia kwa mzazi yeyote. "Hongera, mama." "Hongera kwa kujifungua." "Hongera, mwanangu." Jamani. Tangu siku ile nimeambiwa pole mpaka neno limekosa ladha. Hongera sikuwa nimeambiwa hata na mtu mmoja. Sikujua kama nilikuwa naidai mpaka niliposikia.

Mama Upendo akakaa ukingoni mwa kitanda akaniuliza, kama jambo la kawaida kabisa, "Alifanana na nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Pua," nikasema. "Alichukua pua ya bibi yake."

Mama mkwe akashika pua yake, ile bapa kubwa. Bibi mmoja pale mlangoni akasema, "Maskini mtoto, katika vyote vilivyoko!" Tukacheka, kicheko cha kushika mbavu, na katikati ya kicheko mama mkwe akavunjika. Akalia huku bado ameishika pua, na mimi nikamsogezea nafasi kitandani. Bibi yule akamgeukia Mungu kwa Kichagga, polepole: "Aika Ruwa. Aika Ruwa." Asante Mungu.

Walipoondoka nilitoka kumpelekea ng'ombe maganda. Sikukusudia kitu. Manyunyu yalikuwa yamekatika, maji yanadondoka kutoka jani hadi jani la mgomba, kahawa inanukia unyevu, na pale ulipokuwa mgomba wetu pamekuwa na uwazi. Nikainua kichwa kutazama uwazi tu.

Na mlima ulikuwepo. Mzima. Theluji imegeuka rangi ya waridi kwa jua la mwisho.

Nilisimama na beseni mkononi. Sikushukuru kwa kuondoka kwake. Hilo siwezi, wala sidhani Mungu ananitaka niseme uongo. Nilishukuru kwa kitu kimoja: kwamba katika asubuhi zote za masika, Bwana, uliyoiondolea mawingu ni ile. Mwanangu aliishi asubuhi moja, na mlima ulikuwa wazi.

Asante kwa hiyo. Aika Ruwa.

Nikamwonyesha tena, pale alipolala kando ya masale. Mama, ile ndiyo Kibo.

Elia anashuka mlimani kesho na wageni wake. Nimemwekea mtori kwenye sufuria ndogo. Nitampashia moto, nimkalishe hapa kwenye kigoda, nimweleze habari ya pua.