Nishikie Mtoto, Mama Zeinabu

Mama Zeinabu,

Salaam aleikum. Nimeanza na salamu yako, si yangu, ndio ujue ni mimi na nimekuja na heshima. Nikikusalimu hivyo ulikuwa unacheka mpaka mtungi wa maziwa unatikisika, unasema hii Kiarabu ya Ngaremara itaua mtu. Leo hakuna wa kunicheka. Lakini nimezoea kukuambia wewe kabla sijaambia mtu mwingine, na kuna kitu kimenikaa kifuani tangu nirudi safari. Ninaogopa, Mama Zeinabu. Hata kukiandika ninaogopa.

Wacha nianze na yale mazuri. Unanijua.

Nilienda Korea. Ndiyo, mimi, mama wa makaa, niliyeishia darasa la sita. Ile safari tuliyokuwa tunaipanga wewe ukiwa kitandani, ukaniambia, "Ukifika huko kula kila kitu, halafu uje unihadithie." Hukungoja. Ulitutoka asubuhi, ukazikwa alasiri hiyohiyo, sisi wanawake tukabaki nyumbani na chai yenye ilipoa. Baada ya miezi michache binti yetu Akiru akatuma tiketi kutoka huko. Nikaifungua kwenye simu, nikageuka nikuonyeshe.

Akiru wetu anakaribia kuitwa daktari. Si wa sindano, wa maziwa. Anasomea vile vyakula vinachachuka, na wazungu wanakuja kumsikiliza, nimeona picha. Wewe ndiye ulimfundisha kwanza, kunusa kibuyu kabla ya kumimina maziwa. Mume wake anaitwa Jun, mtoto wa hukohuko Seoul, kijana mpole. Siku ya kwanza aliinama kunisalimu mpaka nikadhani ameangusha kitu. Na mtoto wao Mina, Mama Zeinabu! Mashavu kama maandazi. Hajaanza kutembea lakini akikuangalia unajua huyu atakuwa mtu. Mtaa mzima wa Kiwanjani wamesikia habari yake mpaka wamechoka. Kanisani nimesimama mara mbili kushukuru. Zamani ungekuwa hapo unanifinya, "Punguza, Mama Akiru, punguza." Sasa hakuna wa kunipunguza, naongea mpaka mwisho.

Chakula ulichotaka kusikia. Wanachachusha kabichi na pilipili nyekundu kwenye vyombo, wanaiweka mpaka inakuwa kali. Nilipoinusa nilitokwa na machozi, na si kwa pilipili. Ilikuwa ukali uleule wa maziwa yako ya ngamia yakilala. Nikala na wali, nikaomba nyingine, mama mkwe wa Akiru akapiga makofi. Nyama wanachoma hapo mezani mbele yako, halafu wanaikata na makasi. Makasi, kama fundi wa nguo! Nikawaambia kwetu Isiolo mtu akikuletea makasi kwa nyama mnakosana. Na kuna supu ya majani ya bahari, ya kijani, inateleza, ndiyo mama aliyejifungua anapewa. Jun alimpikia Akiru yeye mwenyewe. Mwambie mzee wako huko alipo, kuna wanaume wanapika supu ya uzazi.

Lakini sokoni waliniwekea sahani ya mnyama wa bahari mwenye mikono mingi, amekatwa vipande, na vile vipande vinatembea. Nilisimama. Jun alicheka kwa upole, Akiru akaiondoa. Usiku niliota ile mikono.

Na hivyo ndivyo ilikuwa, Mama Zeinabu. Kila kizuri kilikuja na hofu yake. Tulienda kwa jumba la wafalme wao wa zamani, nikavalishwa gauni lao pana la hariri, nikapigwa picha. Unaweza kudhani nimezaliwa hapo. Lakini kufika huko ni kwa treni ya chini ya ardhi, na kushuka ni kwa ngazi zinazotembea zenyewe, ndefu mpaka huoni mwisho. Nilikuwa nashika koti ya Akiru kwa nyuma, kama vile yeye alikuwa anashika leso yangu tukivuka barabara ya malori. Nikafikiri, sasa mtoto ni nani hapa?

Sasa nakuambia ile nyingine.

Jumapili moja tulienda makumbusho. Jumba kubwa, kimya kama kanisa, vyungu vya watu wa zamani viko ndani ya vioo na taa. Tukatembea mpaka miguu ikakataa. Akiru akaniweka kwenye benchi mbele ya chungu kimoja cheupe cha mviringo, akanipa Mina, akasema yeye na Jun wanaenda kununua chakula huko chini, wanarudi sasa hivi. "Mama, usitoke hapo."

Nikakaa. Na wewe unajua kibofu changu.

Pale benchi alikuwa amekaa mama mzee. Nilivumilia mpaka sikuweza tena, nikafanya kile ambacho mimi na wewe tumefanya maisha yetu yote. Nilimwekea Mina mapajani, na leso, na mfuko wenye maziwa yake na simu yangu ndani, nikasema kwa Kiswahili, "Mama, nishikie mtoto." Akampokea. Nikaenda.

Sikufikiria chochote. Ni kama mtu kuomba maji. Si ndivyo tulivyojuana? Mimi nimeshuka kwa lori na magunia ya makaa kutoka Ngaremara, gunia moja linaondoka na punda wa watu, na wewe umekaa hapo na mitungi yako, mwanamke nisiyemjua, hata dini si moja. Nikakutupia Akiru akiwa mchanga, nikakimbia. Nilirudi jua limegeuka. Ulikuwa hapohapo. Ukaniambia, "Huyu amekunywa faida yangu yote ya leo. Sasa ni wetu sote wawili."

Choo chao kina vitufe ukutani kama redio. Nilibonyeza kimoja, maji yakanirukia kutoka chini, nikapiga kelele, nikatoka mbio hata sijui kwa mlango gani. Nikatafuta alama yangu. Maana nilikuwa nimeweka alama: mbele ya kile chungu cheupe kulikuwa na watoto wa shule ya chekechea wamekaa chini, wote na kofia za njano. Nikaziona zile kofia mbali, nikashukuru Mungu, nikazifuata. Nikashuka nazo ngazi. Nikafika chumba cha giza chenye sanamu za mawe. Hakuna benchi. Hakuna chungu cheupe. Alama yangu ilikuwa imetembea. Mimi, niliyekua nikichunga mbuzi, nimeweka alama kwa kitu chenye miguu.

Mama Zeinabu! Nilisikia baridi kwenye meno. Hapo ndipo akili ilirudi, ikaniambia: hii si Isiolo. Umempa mtu mtoto. Hajui jina lako. Hujui lake. Simu iko naye. Nikaanza kuita Mina, Mina, kwa sauti ya kuita mbuzi jioni, na watu wote kwenye ile kimya wakageuka.

Soja wa kulinda vile vyungu akaja, msichana wa glavu nyeupe. Nikamwonyesha kwa mikono: mtoto, hapa. Halafu nikafungua mikono: hayuko. Akaelewa, akaongea kwa redio. Akaanza kuniuliza kwa ishara. Huyo mtu ana miwani? Nywele fupi? Mrefu? Sikuwa nimemwangalia uso! Nilikuwa nimeangalia mikono tu. Mikono ya mtu aliyefanya kazi, vidole vimepinda kidogo, kucha fupi. Kama yako. Hiyo ndiyo ilinitosha kumpa damu yangu. Nikawa namwonyesha yule msichana mikono yangu, mikono, mikono, na yeye anadhani nimeumia.

Akanipandisha lifti. Ile lifti ilikuwa na kioo, na ndani yake nilimwona mwanamke mzee wa rangi ya majivu, leso hana, mtoto hana. Niliomba Yesu, halafu nikaomba na wa kwako. Sikuchagua.

Mlango ukafunguka, na ile benchi iko mbele yangu.

Yule mama alikuwa amesimama. Mina alikuwa mgongoni mwake, amefungwa na leso yangu, amefungwa sawasawa, kichwa kimelala, mdomo wazi. Alimfunga chini kuliko sisi, leso imeshuka mpaka matakoni mwa mtoto, lakini ni kufunga kwa mtu anayejua. Alikuwa anatembea kidogo mbele ya benchi, anageuka, anarudi, anampigapiga. Hakuwa ameiacha ile benchi. Nikamshika ile mikono.

Akiru alikuwa hapo. Walirudi na Jun wakakuta mtoto kwa mtu na mimi sipo. Uso wake sitausahau. Hakunifokea. Ni heri angefoka. Alisema tu, "Mama, ulikuwa wapi?" Halafu akachukua mtoto.

Tangu siku hiyo mpaka nirudi hakuniachia Mina peke yangu. Akienda dukani anaenda naye. Akioga, Jun yuko. "Mama, pumzika." Kila saa, Mama, pumzika. Mimi niliyevuka bahari kushika mjukuu, nikapumzika mpaka mwili ukauma. Siku ya uwanja wa ndege nilimbusu mtoto akiwa kwa mikono ya mama yake.

Hapa nyumbani nawaambia watu kuhusu jumba la wafalme na makasi ya nyama. Nikifika kwa makumbusho nasema tu kulikuwa na vyungu vizuri sana.

Lakini hofu ilikuja na mimi kwenye ndege. Wiki iliyopita nilikuwa steji nikingoja gari ya Ngaremara. Msichana akashuka na mizigo na mtoto mchanga, akanitazama akasema, kama mimi ni bibi yake, "Shosho, nishikie mtoto." Mikono yangu ilikataa. Nikasema nina haraka, nikaondoka, na gari yangu nikaiacha. Nilitembea mpaka kona, nikageuka. Mtoto alikuwa kwa mwanamke mwingine, na yule msichana alikuwa ananiangalia. Kama wewe ungekuwa hai, ungenikuta jioni ile ukaniuliza mimi ni mtu wa wapi.

Na leo asubuhi Akiru amepiga simu. Anakuja, Mama Zeinabu! Anakuja kuchukua maziwa ya ngamia ya kupima kwa kazi yake, ataenda na wafugaji mpaka Leparua na mbele zaidi, na huko hawezi kwenda na mtoto. Akasema, "Mama, utanishikia Mina?"

Nikamwambia, si siku ile uliogopa? Si niliona uso wako?

Akasema, "Mama, siku ile mtoto alikuwa na mtu. Wewe ndiye hukuwa na mtu. Huna simu, hujui lugha, nilidhani sitakuona tena. Ndio nikawa nakuambia upumzike. Niliogopa utatoka tena." Sauti yake ilikuwa ile ya utoto. Nikamwambia network ni mbaya, nikakata.

Nimeshinda nikifikiria. Sijapona, sitakudanganya. Nikifunga macho naona zile kofia za njano zinaniacha. Huku kwetu pia kuna watu wabaya siku hizi, malori ni mengi, na mimi nimezeeka. Anaweza kuugua mikononi mwangu. Anaweza kulia lugha nisiyoijua. Na wewe haupo nikisema nishikie.

Zeinabu wako amekaa pahali pako sasa. Mitungi ni ileile, na hawezi kunyamaza, amekuchukua wewe mzima. Mikono yake nimeiangalia jana akipima maziwa.

Kesho asubuhi nitampigia Akiru nimwambie ndiyo. Nitasema haraka kabla sijaogopa tena. Na siku wakifika sitampeleka Mina nyumbani kwanza, nitamleta sokoni, nikae naye karibu na mitungi, aonje maziwa ya kijiko, ale faida ya Zeinabu. Nikitaka kwenda choo nitampa Zeinabu, na nitamwangalia usoni vizuri, ingawa nimemjua tangu azaliwe.

Na nakuahidi hii nyingine, ndiyo kubwa. Yule msichana wa steji simjui na sitampata. Lakini mwingine akija, wa dini yoyote, wa kabila lolote, akiniambia nishikie mtoto, nitapokea. Hofu ikija, nitapokea. Na jua ligeuke, mvua inyeshe, gari liniache, atarudi anikute.

Lala salama, dada yangu. Mimi niko hapahapa, sitatoka.

Mama Akiru