Mguu wa Kushoto

Migori, Jumanne

Na bado ninaamini ripoti yangu ilikuwa sahihi: gari la spoti lenye gia za klachi hushikilia bei kuliko la otomatiki, kwa kuwa wapenzi wa mwendo hulisaka. Kwa ushauri huo bosi alinunua lile jekundu la kuuza hapa kwenye yadi yake ya magari. Ajira yangu ya kudumu ilitegemea kuliuza kabla ya mkataba wangu wa muda kuisha Ijumaa.

Leo alikuja mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Masara. Nilimweleza sifa za lile jekundu kwa ufasaha wangu wote. Akaingia, akakanyaga klachi, akacheka.

"Omera, ndugu yangu, nimeendesha lori ya mawe miaka kumi. Nimetafuta pesa ndio huu mguu wa kushoto upumzike. Sasa unaniuzia lori fupi?"

Hata waosha magari walicheka. Akaondoka na la otomatiki, bila kuomba apunguziwe.

Bosi hakunifokea. Alisema tu, "Msomi, hiyo yako tutapeleka yadi ya Homa Bay. Labda huko miguu haijachoka." Hakutaja kama nami nitapelekwa, au kazi yangu itaishia Ijumaa.

Niliandika kurasa kumi na nne kuhusu injini. Kuhusu mguu wa mnunuzi sikuandika hata sentensi moja.