Mfupa Ambao Haumo Sandukuni

Kimulot, 9 Machi 1974

Mwanangu Bilhah,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, ila mama yako anakohoa kwa baridi ya huku. Wewe je, kazi ya unesi inakutunza?

Maofisa wa huko London wameninyima hati ya uvumbuzi. Wanasema sanduku langu la kufundishia, ambamo watoto huchimba mchangani mifupa ya mnyama wa kale niliyoichonga kwa mawe laini ya machimbo ya kule Tabaka, ni jambo ambalo yeyote angeliwaza. Nimekata rufaa. Bila hati, kampuni fulani ya huko italiuza kwa jina lake. Sanduku linakuja kwa meli. Lipeleke mbele ya jopo la rufaa mwezi wa Juni, unisemee. Sina wasiwasi hata kidogo.

Ni mimi baba yako,
Mwalimu Ratemo

London, 20 Juni 1974

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi mzima. Mama anywe tangawizi.

Baba, nimeharibu. Nilipofungua sanduku niliona paja moja la yule mnyama halimo. Nikadhani limepotea melini, na niliona aibu kazi yako ionekane na kasoro. Nikachonga jingine la mti, nikalipaka rangi, nikalifukia. Maelezo yako yaliyokuwa sandukuni sikuyasoma. Nilijidai naijua kazi ya baba yangu. Kumbe umeandika mfupa mmoja uachwe nje makusudi, mtoto autengeneze kwa kupima ile aliyochimbua. Mwenyekiti wa jopo aliniuliza huu wa mti umetoka wapi. Nikakiri. Watajibu kwa barua. Nisamehe.

Bintiyo, Bilhah

Kimulot, 2 Julai 1974

Mwanangu,

Mama yako amepona. Barua yako niliisoma kwanza kwa hasira, halafu nikacheka hadi mwenzangu Mwalimu Kiplangat akaja kuchungulia. Liandikie jopo leo hii: "Mimi ni binti yake, nimelelewa naye, na nilipoona pengo nilidhani ni ajali. Kama wazo hili ni wazi kwa yeyote, mbona halikuwa wazi kwangu?" Usiongeze neno.

Baba yako

London, 30 Agosti 1974

Baba,

Tumeshinda. Wameandika kwamba fundi yeyote angelijaza sanduku. Kuacha pengo ni wazo lako. Nililia kwenye ngazi za wodi. Hati inakuja kwa posta pamoja na paja langu la mti.

Bintiyo

Kimulot, 21 Septemba 1974

Bilhah mwanangu,

Hati imefika, ina jina langu lote. Mama yako hataki mtu aiguse.

Paja lako nimelipima. Ni fupi kwa nusu inchi, mnyama angechechemea. Nimekupa saba kwa kumi, na nimewaambia darasa la sita kwamba hakuna aliyewahi kupata zaidi.

Baba yako